Maswali ya Wasomaji: Kupandisha Alama za Kusoma na Kuandika katika SAT na ACT

Barua zilizotufikia msimu huu, nyingi zikitoka kwa wazazi na vijana wa familia za Waswahili wanaoishi Marekani, zinazunguka jambo moja: alama za kusoma na kuandika katika mitihani ya kuingilia vyuo vikuu, hasa SAT, na kwa wachache ACT. Nimechagua saba. Zilizofanana nimeziunganisha, na zilizokuwa ndefu nimezifupisha bila kugusa swali lenyewe.

Swali: Mwalimu, salaam. Binti yangu yuko darasa la 11. Tangu likizo amefanya mitihani sita ya mazoezi ya SAT, na katika kusoma na kuandika hajapata kutoka kati ya 510 na 530. Kila Jumamosi anakaa mezani, anamaliza, anaona alama zile zile, na sasa ameanza kusema kwamba lugha si fungu lake. Tumwongezee mitihani, au tumtafutie mwalimu wa ziada? — *Mama mwenye wasiwasi*

Jibu: Salaam, mama. Kabla ya kumwongezea lolote, nakuomba umsimamishie hiyo mitihani ya Jumamosi. Kipimajoto huonyesha homa, hakiitibu, na binti yako amepimwa mara sita bila kupewa dawa hata mara moja. Isitoshe, mitihani kamili ya mazoezi inayotolewa bure na College Board, wenye mtihani huu, katika programu yao ya Bluebook ni michache, na kila mmoja unaofanywa ovyo haurudi tena ukiwa mpya. Alama zake, katika sehemu ambayo ukomo wake ni 800, ziko, kwa taarifa yako, karibu na wastani wa watahiniwa wote. Hakuna ugonjwa hapo. Kuna kazi ambayo haijaanza.

Mwambie achukue daftari na arudi kwenye mitihani mitatu ya mwisho. Kwa kila swali alilokosa, aandike sentensi moja kamili, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote anayofikiria kwayo, inayoanza hivi: «Nilichagua hili kwa sababu…» Kisha ya pili: «Silo, kwa sababu kifungu kinasema…» Maneno «sikuwa makini» yapigwe marufuku katika daftari hilo, kwa kuwa hayaelezi chochote. Kila kosa lina mlango lililoingilia, na kazi ya daftari ni kuutafuta mlango huo.

Akimaliza, ahesabu. Sehemu hii ya SAT ina maswali 54, yaliyogawanywa katika moduli mbili za maswali 27, kila moja dakika 32, na maswali hayo yanatoka katika maeneo manne: maneno na muundo wa kifungu, hoja na ushahidi wake, kanuni za sarufi na uakifishaji, na uwasilishaji wa mawazo, yaani viunganishi na ujumuishaji wa dondoo. Ikiwa nusu ya makosa yake yameangukia kwenye sarufi na uakifishaji, basi tatizo lake si lugha kwa jumla, bali ni kanuni chache ambazo mtu anaweza kuzishika kwa wiki chache. Ikiwa yameangukia kwenye hoja na ushahidi, dawa ni nyingine, nami nitaieleza katika barua inayofuata. Nimewaona wanafunzi wengi walioshangaa kugundua kwamba eneo waliloliogopa silo lililokuwa likiwaibia alama.

Baada ya hapo, kwa wiki tatu au nne, afanye maswali kumi hadi kumi na tano kwa siku kutoka eneo moja tu, bila saa. College Board wana hazina ya maswali inayoweza kuchambuliwa kwa eneo na kwa ugumu, na Khan Academy, shirika linalofundisha bure mtandaoni, wana mazoezi yaliyoandaliwa kwa kushirikiana nao. Maswali aliyokosa ayarudie baada ya wiki moja, akiwa ameyasahau majibu. Akikosa tena, sentensi aliyoiandika daftarini haikuwa sababu ya kweli. Ndipo afanye mtihani kamili mmoja.

Kuna jambo la kimuundo unalopaswa kulijua. Mtihani wa sasa hubadilika kulingana na mtahiniwa: matokeo ya moduli ya kwanza ndiyo yanayoamua kama ya pili itakuwa nzito au nyepesi, na aliyepewa nyepesi hawezi kufika alama za juu kabisa hata akipata yote. Kwa hiyo makosa ya uzembe katika moduli ya kwanza yana gharama mbili, na mwanafunzi anayekimbia ili «abakize muda» anajifungia mlango mapema.

Kuhusu mwalimu wa ziada, kipimo changu ni chepesi. Kaa pembeni kwa nusu saa usikilize ni nani anayezungumza. Ikiwa mwalimu ndiye anayeeleza wakati wote na binti anaitikia kwa kichwa, hela zako zinamfundisha mwalimu.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi kifungu ninakielewa vizuri, na majibu mawili ninayaondoa upesi. Kinachoniua ni yale mawili yanayobaki, kwa sababu yote naona ni sahihi, na karibu kila mara nachagua lisilo. Kuna siri gani hapo? — *Wa mawili yaliyobaki*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako ndiyo niliyoipenda kuliko zote, maana umeligusa jambo ambalo mtihani mzima umejengwa juu yake. Ukiniuliza siri, nitakuambia kwamba jibu la kweli na jibu sahihi ni vitu viwili, na mtunzi wa mtihani anaishi katika nafasi iliyo kati yake.

Tuchukue kifungu kifupi, nilichokitunga mwenyewe kwa ajili yako: *Bustani mbili zilipandwa maboga siku moja, kwa mbegu za aina moja. Katika bustani iliyokuwa karibu na mizinga ya nyuki, maua mengi zaidi yaligeuka kuwa matunda. Hata hivyo, matunda ya bustani ya pili, ingawa yalikuwa machache, yalikuwa na uzito mkubwa zaidi.* Swali linataka wazo kuu. Majibu ni haya: (A) Nyuki huchavusha maua ya maboga. (B) Bustani iliyokuwa karibu na mizinga ilitoa mavuno bora kuliko nyingine. (C) Bustani iliyokuwa karibu na mizinga ilikuwa na matunda mengi zaidi, lakini hayakuwa mazito zaidi. (D) Matunda ya bustani ya pili yalikuwa mazito kwa sababu yalikuwa machache.

Jibu A ni kweli tupu. Mkulima yeyote atakuthibitishia. Lakini kifungu hakikusema neno hata moja juu ya uchavushaji, na msomaji anayelichagua amejibu kwa elimu yake ya biolojia badala ya kujibu kwa macho yake. Jibu B limechukua kitu kilichosemwa, yaani wingi wa matunda, likakipandisha cheo na kukiita «bora», ilhali kifungu kimeweka wingi upande mmoja na uzito upande wa pili bila kutoa hukumu. Jibu D ni la hatari zaidi, kwa sababu kila kipande chake kimo kifunguni: uchache umo, uzito umo. Kisichomo ni neno «kwa sababu». Mwandishi aliviweka vitu viwili kando kwa kando, na mtunzi wa jibu akavifunga kamba. Linabaki C, ambalo halivutii, halina maarifa mapya, na linarudia kwa maneno mengine kile kilichosemwa. Majibu sahihi mengi ya mtihani huu yana sura hiyo ya kuchosha, na wanafunzi wenye akili nyepesi ya kuunganisha mambo huyapita kwa sababu wanaona haiwezekani swali la chuo kikuu likawa na jibu la kawaida hivyo.

Kwa hiyo, ukibaki na mawili, usijiulize lipi ni zuri zaidi. Shika jibu moja, lisome neno kwa neno, na kila neno lidai cheti chake kutoka kwenye kifungu. Maneno kama «kila», «pekee», «kamwe», «bora», «ilisababisha» na «ilithibitisha» ndiyo ya kwanza kuulizwa, kwa kuwa ndiyo yanayobeba madai makubwa katika nafasi ndogo. Neno moja lisilo na cheti linatosha kulitupa jibu zima, hata kama tisa kati ya maneno yake kumi yanapendeza.

Maswali ya majedwali na michoro yana mtego wa ukoo huo huo, ila umevaa tarakimu. Hapo unaweza kukuta majibu matatu yanayosoma jedwali kwa usahihi kabisa, na moja tu ndilo linalounga mkono dai lililotajwa katika swali. Soma dai kwanza, kisha ndipo uliangalie jedwali, vinginevyo utatumia dakika nzima kuhakikisha tarakimu ambazo hakuna aliyezipinga.

Swali: Mwalimu, Kiingereza ni lugha yangu ya tatu, na nyumbani kwetu ni Kiswahili tu. Kwenye maswali ya sarufi na alama za uakifishaji ninasikiliza tu ni lipi linalosikika vizuri, lakini wenzangu waliozaliwa na lugha hii wanasikia nisichokisikia. Je, nitawafikia? — *Sikio la kigeni*

Jibu: Utawafikia, na huenda ukawapita, kwa sababu wao pia wanasikiliza, na sikio ni shahidi mbaya mahakamani hapa. Watunzi wanajua kinachosikika vizuri mitaani, na hicho hicho ndicho wanachokiweka kama mtego. Wewe unayehitaji kanuni uko mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko anayeamini kwamba hahitaji. Nitakuonyesha mambo matatu ambayo Kiswahili chako kinakusaidia au kinakuponza.

La kwanza ni upatanisho. Chukua sentensi hii: *Orodha ya vitabu walivyovileta wanafunzi imepotea.* Hakuna mtoto wa Kiswahili atakayesema «vimepotea» huku akikusudia orodha, wala «wamepotea», ingawa vitabu na wanafunzi vyote vimekaa karibu zaidi na kitenzi kuliko orodha yenyewe, kwa kuwa kiambishi cha ngeli kinamrudisha kwenye nomino inayotawala. Swali la upatanisho katika SAT ni sentensi hiyo hiyo kwa Kiingereza: nomino kuu ya umoja mwanzoni, nomino mbili tatu za wingi katikati, na kitenzi mwishoni kinachokusubiri uteleze. Fanya kama unavyofanya katika Kiswahili bila kujua: uliza ni nani hasa aliyepotea, ufute kila kilichosimama kati yake na kitenzi, kisha uchague.

La pili linatuponza. Kiswahili kinavumilia sentensi mbili kamili kuunganishwa kwa mkato: *Mvua ilinyesha usiku kucha, barabara haikupitika.* Nasi tuna kiambishi -ka- kinachotuwezesha kusema alifika, akaketi, akafungua barua, akacheka, bila mtu kunung'unika. Katika Kiingereza cha mtihani, mkato peke yake hauwezi kuunganisha sentensi mbili zinazojitegemea. Panahitajika nukta, au nukta mkato, au mkato ukifuatwa na kiunganishi, au nukta pacha ikiwa sentensi ya pili inaifafanua ya kwanza. Kila ukiona mkato katika jibu, funika upande wa kushoto usome wa kulia, kisha ufunike wa kulia usome wa kushoto. Pande zote mbili zikisimama zenyewe kama sentensi kamili, na hakuna kiunganishi, mkato huo ni kosa. Hapo kuna faida ndogo ya pembeni: ikiwa majibu mawili yametofautiana kwa kitu kimoja tu, moja limetumia nukta na lingine nukta mkato mahali pale pale, na hakuna sababu nyingine ya kuyatofautisha, yote mawili si sahihi, kwa kuwa maswali hayana majibu mawili.

La tatu ni zuri mno, nami hulitumia kuwafundishia hata wasiojua Kiswahili. Sema: *Akisoma chini ya mti, tawi lilimwangukia.* Sentensi hiyo haina utata wowote, maana kiambishi a- cha «akisoma» kinamtaja mtu na kiambishi li- cha «lilimwangukia» kinalitaja tawi. Kiingereza hakina ulinzi huo. Kitenzi kinachoanzisha sentensi ya namna hiyo huja kitupu, bila kiambishi cha mtenda, na kwa hiyo hujishikiza kwenye nomino ya kwanza inayofuata mkato. Ukitafsiri sentensi yetu kama ilivyo, tawi ndilo litakalokuwa linasoma. Sheria yake ni kwamba baada ya mkato huo lazima aanze yule aliyekuwa akitenda. Ukikuta majibu manne marefu yaliyopangwa upya tu, tafuta linaloanza na mtenda huyo, na mara nyingi huna haja ya kusoma zaidi.

Mengine ni madogo. Maelezo ya ziada yaliyoingizwa katikati ya sentensi hufunguliwa na kufungwa kwa alama ya aina moja, mikato miwili au vistari virefu viwili, si mkato upande huu na kistari upande ule. Na kati ya kiima na kitenzi chake haikai alama moja peke yake.

Swali: Kaka yangu ameniachia vitabu vyake vya mazoezi. Vina mafungu ya kusoma ya kurasa nzima na maswali yenye majibu matano, na vinasema nikikosa ninakatwa alama. Jumla yake ni 2400. Nivitumie? — *Mrithi wa vitabu*

Jibu: Hapana, isipokuwa kwa kujisomea. Jumla ya 2400 ilitumika kati ya 2005 na mwanzoni mwa 2016. Tangu Machi 2016 jumla ni 1600, nusu yake ikiwa ya kusoma na kuandika, majibu ni manne, na kukosa hakukatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata kama hujalisoma. Katika mtihani wa sasa wa kompyuta, ulioanza nje ya Marekani mwaka 2023 na ndani yake Machi 2024, kila kifungu ni kifupi, kati ya maneno 25 na 150, na kina swali moja tu. Mwambie kaka asante. Mtihani huu umekuwa ukibadilika tangu ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 1926, na mrithi wa vitabu huwa nyuma kila mara.

Swali: Mwalimu, nimepewa orodha ya maneno 1,000 magumu ya Kiingereza na nimekariri 300. Katika mtihani wa mazoezi nimekutana na manne tu kati ya hayo. Niendelee? — *Mkariri*

Jibu: Umejijibu mwenyewe kwa hesabu yako, mwanangu. Zamani mtihani huu ulikuwa na maswali ya vinyume, yaliyoondolewa mwaka 1994, na ya mlinganisho wa maneno, yaliyoondolewa mwaka 2005, na hapo ndipo biashara ya orodha ilipopata nguvu. Siku hizi neno huulizwa likiwa ndani ya kifungu, na mara nyingi ugumu hautokani na neno geni, bali neno la kawaida lililotumika kwa maana yake ya pili au ya tatu.

Fikiria neno letu «paa». Aliyekariri kwamba paa ni sehemu ya juu ya nyumba atafanya nini akikutana na paa anayekimbia porini, au ndege inayopaa? Mswahili hapati shida, kwa sababu hasomi neno, anasoma sentensi. Ufanye hivyo hivyo kwa Kiingereza. Kabla ya kuyatazama majibu, funika nafasi iliyo wazi na uweke neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili. Kisha tafuta jibu linalokaribiana nalo. Kifungu lazima kiwe na kidokezo, kwa kawaida sentensi inayorudia wazo kwa maneno mengine au inayolipinga baada ya «lakini», na usipokiona kidokezo hicho usichague bado.

Kile ulichokariri si hasara. Ila badala ya maneno 700 yaliyobaki, soma kila siku makala moja ya sayansi na moja ya historia au sanaa iliyoandikwa kwa watu wazima, uandike maneno matatu tu, kila moja pamoja na sentensi ulimolikuta.

Swali: Muda unaniishia kila mara, na kinachoumeza zaidi ni mashairi na vipande vya riwaya za zamani. Nikifika kwenye sarufi, ambayo naiweza, zimebaki dakika nne. — *Anayekimbizwa na saa*

Jibu: Dakika 32 kwa maswali 27 ni sekunde 71 kwa kila swali, na hiyo inatosha kwa anayegawa vizuri. Kosa lako liko katika mpangilio. Maswali ya moduli hupangwa kwa maeneo: ya maneno na ufahamu hutangulia, ya sarufi hufuata, na ya viunganishi na dondoo humalizia. Hakuna anayekulazimisha kwenda kwa mpangilio huo, kwa kuwa ndani ya moduli moja unaweza kwenda mbele na kurudi utakavyo. Anzia kwenye sarufi, chuma alama zako huku akili ikiwa bado imetulia, kisha urudi mwanzoni. Si kila mwalimu atakubaliana nami, na mwanafunzi anayeshtushwa na kurukaruka asilazimishwe, lakini kwa mtu wa aina yako sijaona njia iliyo bora zaidi. Swali linalokwama lipe alama ya kurejewa, chagua jibu lolote kwa muda, uende zako.

Katika maswali ya dondoo, yale yenye orodha ya vidokezo vya mwanafunzi, usianze na vidokezo. Mwisho wa swali umetajwa lengo la mwandishi, kwa mfano kulinganisha vitu viwili au kukitambulisha kitu kwa msomaji asiyekijua. Soma lengo, kisha tafuta jibu linalolitimiza; vidokezo vyenyewe unaweza kuvipitia mwishoni kwa jicho moja tu, kwa sababu majibu yote manne kwa kawaida yamejengwa kutokana navyo.

Mashairi nayo yana dawa yake. Katika ushairi wetu wa kimapokeo tumezoea mistari kifu, kila mshororo ukijitosheleza kwa maana, na jicho limejifunza kupumzika kwenye kina. Mashairi ya Kiingereza ya karne ya 19 yamejaa mistari mishata: sentensi moja inaweza kuvuka mishororo mitatu au minne kabla ya kupata kitenzi chake. Ukipumzika mwishoni mwa mshororo, unabaki na kipande kisicho na maana, unarudi juu, na hapo ndipo dakika zako zinapokwenda. Usisimame hadi uione nukta. Kisha uliza maswali mawili: nani anatenda, na anajisikiaje kuhusu hilo. Mtihani hauulizi uzuri wa shairi.

Swali: Ndugu Mwalimu, mwanangu anapenda sana kuandika insha, na anataka mtihani utakaomwonyesha kipaji hicho. Achague upi? Na siku zimebaki kumi na nne tu kabla hajafanya SAT aliyokwisha kujiandikisha. — *Baba wa mwandishi*

Jibu: Ndugu yangu, jina la sehemu hii limewadanganya wengi. Katika kusoma na kuandika kwa SAT hakuna kinachoandikwa. Ni kuchagua na kuhariri. Insha yake ya hiari ilisitishwa Juni 2021, ikibaki tu kwa baadhi ya majimbo yanayoendesha mtihani shuleni. ACT bado wana insha ya hiari ya dakika 40, inayosomwa na wasahihishaji wawili na kupewa alama kati ya 2 na 12 kwa kuangalia mawazo, uthibitisho, mpangilio na lugha, lakini vyuo vingi haviidai. Sehemu zao nyingine zimefupishwa mwaka 2025: Kiingereza maswali 50 kwa dakika 35, kusoma maswali 36 kwa dakika 40. Kifungu cha kusoma cha ACT ni kirefu na kina maswali kadhaa, kwa hiyo humfaa kijana anayesoma kwa pumzi ndefu. Afanye mtihani mmoja wa mazoezi wa kila aina kabla ya kuamua, na aangalie masharti ya kila chuo, maana yametofautiana: chuo cha MIT walirudisha sharti la mitihani hii mwaka 2022, Harvard, Brown na Dartmouth walitangaza kulirudisha mwaka 2024, na mfumo wa University of California hautazami alama hizi kabisa katika udahili. Kipaji chake cha insha kitaonekana zaidi katika insha ya maombi ya chuo kuliko katika mtihani wowote.

Kuhusu siku kumi na nne, nne za kwanza azitumie kwenye daftari la makosa kama nilivyomweleza mama wa barua ya kwanza. Sita zinazofuata azitumie kwenye eneo moja tu, lile lililomkosesha zaidi. Nikilazimika kukisia, nitasema uakifishaji, kwa kuwa ndilo linalopanda upesi. Siku ya kumi na moja afanye mtihani kamili, kwa saa ile ile atakayofanyia wa kweli, kwenye kompyuta atakayokwenda nayo, akiificha saa ya kwenye skrini hadi programu yenyewe itakapomkumbusha kwamba zimebaki dakika tano. Ya kumi na mbili aipitie kazi hiyo, swali kwa swali, pamoja na yale aliyopata kwa kubahatisha. Siku mbili za mwisho asifanye mtihani wowote. Ahakikishe tu kwamba programu ya Bluebook imekwisha kuwekwa na kusasishwa kwenye kompyuta yake, kwamba betri ina chaji, na kwamba kitambulisho na tiketi ya kuingilia viko ndani ya mkoba.